Pesa za Jinsia Hupitia Wapi Kabla ya Kufika Kijijini

“Mwanangu, redioni kila siku ni mabilioni ya usawa wa kijinsia. Sasa hayo mabilioni yanapita njia gani, hata yakifika hapa kwetu yanakuwa laki nane na daftari la mahudhurio?”

Aliyeniuliza ni mhazini wa kikundi cha wanawake katika kijiji kimoja mkoani Morogoro. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya mwenyekiti, na katikati yetu kulikuwa na boksi la biskuti lililojaa vikaratasi: vya duka la vifaa vya ofisi, vya mama ntilie aliyepika chakula cha mafunzo, vya bodaboda waliobeba wawezeshaji. Alitakiwa apeleke hesabu mjini kabla ya Ijumaa. Siku ile sikuwa na jibu fupi la kumpa. Makala haya ndiyo jibu refu, kwake na kwa kina mama wengine wanaouliza vivyo hivyo, maana nimeona vikundi vizuri vikifa kwa sababu tu havikujua pesa hizi zinavyotembea.

Tuanze na majina. Vijijini kila pesa inayotoka nje ya kikundi huitwa “msaada” au “pesa za mradi”, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Ile inayotolewa na halmashauri zetu Tanzania, asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, uliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, ukasimamishwa Aprili 2023 kwa kasoro za usimamizi, kisha ukarejeshwa 2024. Lakini unarudishwa. Kenya nako, Mfuko wa Uwezo ulioanzishwa 2013 hukopesha, wakati ule wa NGAAF, mfuko wa serikali kuu kwa makundi yaliyoachwa nyuma, ambao Wawakilishi wa Wanawake wa kaunti wanausimamia, hutoa ruzuku. Nimekutana na kikundi kilichogawana pesa ya mkopo kikidhani kimepewa bure. Mwaka wa pili mwenyekiti akawa anaitwa ofisi ya kata kila wiki, na waliokuwa marafiki hawasalimiani hadi leo.

Ruzuku ni kitu kingine. Hairudishwi, lakini inajibiwa. Umeandika kwamba utafundisha wanawake 60 sheria ya ardhi. Basi pesa ile ni ya wanawake 60 na sheria ya ardhi. Ukinunua mashine ya kusaga kwa sababu wanachama wameona ina faida zaidi, umevunja mkataba hata kama hukuchukua senti, na mfadhili ana haki ya kudai pesa yake. Ukitaka kubadilisha, unaandika barua kabla, unasubiri jibu la maandishi, ndipo unanunua. Hilo neno “kabla” ningependa liandikwe kwa wino mwekundu kwenye ukuta wa kila ofisi ya kikundi.

Sasa turudi kwenye mabilioni ya redioni.

Sehemu kubwa ya pesa hizo ni misaada ya serikali za nchi tajiri. Nchi hizo hupeleka taarifa zao Paris, kwenye kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na kila mradi unapewa alama ya jinsia: sifuri, moja au mbili. Sifuri maana yake mradi umechunguzwa na usawa wa kijinsia haumo katika malengo yake. Moja maana yake usawa umo, ni lengo muhimu, ila mradi ungefanyika hata bila hilo. Mbili maana yake usawa wa kijinsia ndio sababu ya mradi kuwapo. Ukiuondoa, hakuna mradi.

Chukua kisima. Shirika linachimba kisima cha bomba kijijini, na kwenye andiko linasema kweli tupu: wanawake ndio wanaochota maji, kisima kikiwa karibu watapumzika na safari ya saa mbili. Huo unaweza kupata alama moja, na hakuna aliyedanganya. Lakini tazama kijiji hicho baada ya mwaka. Kamati ya maji ina wanaume wanane na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ni kufagia kuzunguka bomba. Bei ya ndoo wamepanga wao. Saa mbili alizookoa mama zimeingia kwenye palizi la shamba ambalo hati yake ina jina la mumewe peke yake. Maji yamekuja, na namshukuru aliyeyaleta, ila mamlaka yamebaki yalipokuwa. Mradi wa alama mbili ungeanzia palepale: nani anakaa kwenye kamati, nani anashika funguo, nani anaandikwa kwenye hati.

Unapotangaziwa mabilioni, mara nyingi zimejumlishwa alama moja na alama mbili pamoja. Kwa hesabu za OECD za 2020 na 2021, zile zote mbili zilifika asilimia 44 hivi ya misaada inayotoka nchi moja kwenda nyingine. Ukizitenganisha, alama mbili peke yake ilikuwa kama asilimia 4. Na zilizokwenda kwa mashirika na harakati za haki za wanawake zenyewe hazikufika asilimia 1. Kwa hiyo mhazini wangu hakukosea kuhisi kwamba kuna kitu kinapungua njiani. Sehemu kubwa haikuwa yake tangu mwanzo.

Ile ndogo iliyobaki nayo ina safari yake. Nitapiga hesabu ya mfano, ya karatasini tu, ili njia ionekane. Serikali ya Ulaya inatoa shilingi milioni 100 kwa shirika la kimataifa. Shirika hilo linakata asilimia 7 za gharama za utawala, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya huruhusu katika ruzuku zake nyingi. Zimebaki milioni 93. Lina maofisa wa mradi, gari, mkaguzi wa hesabu, mtaalamu wa tathmini. Tuseme hayo yanachukua nusu. Zimebaki milioni 46 na nusu, zinaingia kwa shirika la kitaifa jijini Dar es Salaam au Dodoma. Nalo lina kodi ya ofisi, mhasibu, mafunzo ya siku tatu kwenye ukumbi wa hoteli. Tuseme nusu tena. Zimebaki milioni 23 na ushee. Vikundi vilivyochaguliwa ni kumi na viwili. Kila kimoja kinapata chini ya milioni mbili, kwa awamu mbili, ya pili baada ya ripoti.

Hakuna aliyeiba hapo, na hilo ni muhimu kulielewa kabla ya kuanza kutupiana lawama. Ofisa mmoja wa ubalozi hawezi kusoma mikataba 300 ya vikundi. Mlipa kodi wa Sweden au Canada anataka kujua pesa yake imekwenda wapi, na anayo haki hiyo. Kila ngazi ipo kwa sababu ya kubeba hatari na makaratasi ambayo ngazi iliyo juu haitaki kuyabeba. Ubaya ninaouona uko kwingine: gharama za ofisi zinalipwa kila ngazi isipokuwa ya mwisho. Shirika la kimataifa lina fungu la utawala. Shirika la kitaifa mara nyingi lina fungu la utawala, japo dogo. Kikundi cha kijijini kinaambiwa, “Sisi tunafadhili shughuli tu.” Kana kwamba mama anayetunza vitabu, anayepanda basi kwenda benki, anayekaa na kesi ya binti aliyepigwa hadi usiku wa manane, hafanyi shughuli.

Kuna waliouona ubaya huu zamani wakaamua kujenga njia nyingine. Ndiyo hiyo inayoitwa mifuko ya wanawake. Mama Cash ilianza Amsterdam mwaka 1983, Global Fund for Women ikafuata Marekani mwaka 1987, na kwa upande wetu wa dunia mfuko wa kwanza wa bara zima, African Women's Development Fund, uliwekwa Accra mwaka 2000 na wanawake watatu, mmoja wao Hilda Tadria wa Uganda. Nairobi kuna Urgent Action Fund-Africa, ambao kazi yake ni ruzuku za dharura, kwa mfano mwanaharakati akitishiwa maisha. Dar es Salaam kuna Mfuko wa Wanawake Tanzania, WFT-Trust, unaotoa ruzuku kwa vikundi na mashirika ya wanawake hapa nchini. Tofauti ya mifuko hii na mfadhili wa kawaida ni kwamba mingi hutoa ruzuku isiyofungwa kwenye shughuli moja: pesa inayoweza kulipa kodi ya chumba, umeme, na mshahara wa mhasibu wa nusu siku. Wenyewe huiita ruzuku ya msingi. Milioni tano za namna hiyo, kwa kikundi kinachojua kinachotaka, nazipenda kuliko milioni ishirini za semina.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu ya muda. Usawa hauji kwa miezi kumi na miwili, na mikataba mingi ya ruzuku ndogo ni ya miezi kumi na miwili.

Tazama kesi ya umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana husubiri miaka 18. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative, shirika linalotetea haki za wasichana, alifungua shauri, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ile na hukumu ya awali ikasimama: ndani ya mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ukapita, haijarekebishwa. Sasa fikiria ungekuwa unaandika ripoti ya robo mwaka ya kazi hiyo. Robo ya kwanza: tunasubiri. Robo ya pili: tunasubiri. Robo ya tatu: imeahirishwa. Kwenye jedwali la viashiria hakuna safu ya ujasiri wa kusubiri, na mfadhili wa miezi kumi na miwili angekuwa ameshaondoka kabla rufaa haijasikilizwa.

Au tuje chini kabisa, kwenye baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Inasema pia kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Ni maneno mazito. Nimewahi kukaa nyuma ya chumba cha darasa ambamo baraza lilikuwa likisikiliza shauri la mjane na shemeji yake. Wajumbe wanaume walikaa kwenye viti, wanawake wawili kwenye dawati la wanafunzi pembeni, wa tatu hakuja kwa sababu hakuambiwa. Shemeji alisema shamba ni la ukoo. Wote wakaitikia kwa vichwa. Kisha mmoja wa wale wanawake wawili akafungua mfuko wake wa rambo, akatoa kijitabu kilichochakaa pembe, akasoma kifungu taratibu, kidole kikifuata mstari. Chumba kikanyamaza. Shauri likaahirishwa wiki mbili, na zile wiki mbili ndizo zilizompa mjane nafasi ya kuleta mashahidi.

Kijitabu kile kilitoka kwenye mafunzo ya ruzuku iliyokuwa imekwisha miaka mitatu nyuma. Kwenye ripoti ya mwisho ya mradi ule lazima kuliandikwa “vijitabu 200 vimesambazwa”. Hakuna mtu aliyerudi kuandika habari ya kidole kilichofuata mstari.

Kwa anayetaka kuomba, basi, ajue mfadhili anasoma nini. Lugha ya maandiko inatisha kuliko jambo lenyewe. Wanaposema nadharia ya mabadiliko, wanauliza: ukifanya hili, litatokea lile, kwa sababu gani? Kina mama wanalijibu swali hilo vizuri sana kwa mdomo. “Tukimfundisha mjumbe sheria, atasema barazani, kwa maana sasa hivi ananyamaza kwa kutojua, si kwa kutotaka.” Hiyo ni nadharia kamili ya mabadiliko, na nimeona andiko lililogharimu mamilioni ya mshauri mwelekezi likishindwa kuisema. Kiashiria ni jibu la swali “utajuaje kwamba limetokea?” Hapo usijibu kwa idadi ya semina. Jibu kwa idadi ya mashauri ambayo mjumbe mwanamke amesema neno lake na likaandikwa kwenye muhtasari. Vitabu vya muhtasari vipo, vinahesabika.

Kizuizi kikubwa ni kwamba fomu nyingi bado ni za Kiingereza na hutumwa mtandaoni. Sioni aibu kusema hili ni dhuluma. Mwanamke aliyetatua kesi arobaini za mirathi anashindwa na kijana wa mjini asiyewahi kufika kijijini ila anajua kupanga maneno. Ndiyo maana napenda mfadhili anayepokea ombi la Kiswahili, au hata la sauti iliyorekodiwa kwa simu, na ni haki yenu kumuuliza kama anapokea. Pale TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, Mabibo jijini Dar es Salaam, semina za jinsia na maendeleo za kila Jumatano zimeendeshwa kwa Kiswahili miaka mingi, na vituo vya taarifa na maarifa walivyovisaidia kuanza vijijini vimeibua hoja ambazo wataalamu baadaye waliziandika kwa lugha nyingine.

Usajili upite haraka: kikundi husajiliwa halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii, na shirika lisilo la kiserikali kwa Msajili wake, ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kanuni za 2018 zinalitaka shirika linalosaini mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 liupeleke kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi. Akaunti iwe ya kikundi, yenye sahihi zaidi ya moja. Na atakayekuomba “ada ya fomu” au “pesa ya kuchakata” ili upate ruzuku ni tapeli. Mfadhili wa kweli hamtozi mwombaji. Anayejitolea kukuandikia kwa makubaliano ya kuchukua asilimia ya ruzuku naye mkatae, kwa sababu fungu lake halimo kwenye bajeti na wewe ndiye utakayelijibu.

Lipo jambo lililobadilisha hesabu zote hizi mwaka 2025. Januari 20 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa. Februari mwaka huohuo Uingereza ikatangaza kwamba itashusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Katika mnyororo ule wa ngazi tatu, wa mwisho ndiye aliyepata habari mwisho: simu kutoka mjini, “simamisheni kila kitu, hata chakula cha kesho msinunue.” Vikundi vilivyokuwa vimeegemea mfadhili mmoja vilibaki na mabango ya mradi na deni la mama ntilie. Vile vilivyokuwa na kikoba chao, hisa za elfu mbili mbili kila Jumamosi, viliendelea kukutana. Sisemi kwamba kikoba kinaweza kuchukua nafasi ya ruzuku. Hisa za wanawake maskini hazipaswi kulipia kazi ambayo serikali zilijifunga kuilipia tangu Beijing mwaka 1995, mkutano wa dunia wa wanawake ambao Mtanzania mwenzetu Gertrude Mongella aliuongoza akiwa Katibu Mkuu wake. Nasema tu kwamba kikundi kinachokutana kwa pesa yake chenyewe huketi mezani na mfadhili kikiwa na kitu cha kukataa.

Turudi kwenye mkeka. Tatizo la boksi la biskuti lilikuwa bodaboda. Shirika la mjini lilitaka risiti ya mashine kwa kila malipo, na bodaboda hana mashine. Mhazini alikuwa amelipa safari kumi na nne kwa uaminifu kabisa, na zote zilikuwa zinaelekea kukataliwa, yaani yeye azilipe mfukoni. Tuliisoma mikataba ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kiambatisho cha tatu, ambacho hakuna aliyewahi kumfasiria, kulikuwa na ruhusa: malipo madogo yasiyo na risiti yakubaliwe kwa fomu yenye jina la aliyelipwa, namba yake ya simu, safari, kiasi na sahihi. Mwenyekiti akatuma mtoto kijiweni. Waendesha bodaboda wakaja wanne kwa pamoja, wakapaki chini ya mwembe, wakasaini mmoja mmoja, wa mwisho kwa dole gumba.

Hesabu zilipofungwa, mhazini alivuta karatasi ya bajeti ya ombi la mwaka unaofuata, ambayo shirika lilikuwa limewaletea ikiwa imeshajazwa nusu. Akaipitia kwa kalamu: ukumbi, chakula, vijitabu, nauli za wawezeshaji. Akageuka akaniuliza kama ni kosa kuongeza mstari. Nikamwambia si kosa, wakikataa watasema. Akaandika chini kabisa, kwa herufi kubwa, “KODI YA CHUMBA CHA KIKUNDI, MIEZI 12,” na mstari wa pili, “POSHO YA MHAZINI.” Akaitazama ile ya pili kidogo, akaikabidhi karatasi kwa mwenyekiti ili naye aweke sahihi.